Fahamu: Kompyuta inavyofuatilia mwendo wa panya wa maabara

Panya mwenye hofu huambaa ukutani. Aliyetulia huthubutu kukatiza katikati ya boksi la majaribio. Kwa miaka mingi watafiti walihesabu miendo hiyo kwa macho, saa baada ya saa, na macho huchoka. Mwaka 2018 watafiti Alexander na Mackenzie Mathis na wenzao walitoa DeepLabCut, programu ya bure. Mtafiti huweka alama kwenye pua, masikio na mkia katika picha kama 200 tu za video. Kompyuta, iliyokwisha kujifunza kupitia picha nyingine nyingi mno, huendelea yenyewe. Panya habandikwi chochote mwilini, na hilo ndilo linalonifurahisha zaidi. Lakini sehemu yenye alama ikifichwa na mwili, alama huweza kuruka ovyo, hivyo mtafiti hukagua na kuifunza kompyuta upya.