Kuhamia Bariadi: Hesabu Kabla ya Kufunga Mizigo

Shikeni kalamu na karatasi, kwa kuwa somo la leo lina hesabu.

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, mji wa Bariadi ulifanywa makao makuu yake. Tangu hapo wamehamia watumishi, wafanya biashara, na wakulima wa pamba wanaotaka watoto wao wasome mjini. Kama na wewe wafikiri kuhama, usimwachie dalali akuchagulie nyumba. Njoo mwenyewe, ulale kwa ndugu siku mbili tatu, utembee mitaani kwa miguu.

Wengi huuliza neno moja tu: kodi ni kiasi gani? Halitoshi. Tufanye mfano. Bei hizi ni za somo tu. Za kweli utaziuliza mwenyewe. Tuseme umeonyeshwa chumba Somanda, mjini, kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kingine kiko Nyakabindi, nje ya mji, penye viwanja vya Nanenane, kwa shilingi 25,000. Moyo unakimbilia Nyakabindi. Ngoja kwanza. Kazi yako iko sokoni mjini. Nauli ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 52,000. Ongeza kodi, 25,000. Jumla 77,000. Kutoka Somanda unakwenda kazini kwa miguu. Basi chumba kipi ni rahisi? Walakini kama kazi yako iko huko huko Nyakabindi, hesabu inageuka.

Sasa maji. Usiridhike kuona bomba uani, lifungue. Kisha waulize akina mama wa jirani, si mwenye nyumba: maji hutoka siku ngapi kwa juma? Yasipotoka, dumu la lita 20 huuzwa bei gani? Madumu 4 kila siku, kwa shilingi 200 kila dumu, ni shilingi 24,000 kwa siku 30. Hiyo ni kodi ya pili.

Tazama na ardhi. Sehemu nyingi za Simiyu zina udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi hupasuka, na wakati wa mvua huvimba na kunata, kuta zikapata nyufa. Angalia pembe za madirisha. Ufa uliozibwa juzi kwa saruji mpya una habari yake. Mimi niliwahi kupanga nyumba mwezi wa Agosti, nikaisifu sana. Mvua za Novemba zilipoanza, nilivua viatu kila jioni ili nifike mlangoni. Nami nilikwisha kulipa kodi ya miezi 6!

Hapo ndipo penye hatari. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima. Ukikosea, fedha ya pamba ya msimu mzima imekwenda. Kwa hiyo andikianeni mkataba: kiasi, tarehe, na nani hulipa umeme ikiwa mita ni moja kwa wapangaji wote. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Usome mwenyewe, neno kwa neno, kabla ya kutia sahihi.

Kazi ya nyumbani: andika majina ya mitaa miwili unayoijua. Chini ya kila mtaa andika kodi, nauli na maji, kisha ujumlishe. Tutasahihisha pamoja katika somo lijalo. Kwaherini.