Uzi: Fidia si matibabu

Kila msimu wa siasa ukifika huku Naitiri, suala la wanajeshi waliojeruhiwa kwa mabomu lazima litajwe jukwaani. Mmoja anasema serikali imewasahau mashujaa wetu. Mwingine anajibu, "Walilipwa, wanataka nini tena?" Kila upande unapiga makofi, mkutano unaisha. Wacha niwaeleze kwa nini wote wawili wanalipita jambo lenyewe. Sitataja chama wala mtu, kwa hivyo msianze kutafutana huko chini.

Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011. Tangu hapo vijana wetu wamekutana na mabomu ya kutegwa barabarani, na si Somalia peke yake, hata Lamu, Garissa na Mandera upande huu wa mpaka. Januari 15, 2016, kambi ya El Adde ilivamiwa, na gari lililojaa vilipuzi likatumika. Kikosi kilichokuwa pale kilikuwa cha Moi Barracks, Eldoret, na ibada ya kuwakumbuka waliokufa ilifanywa hapohapo Eldoret. Hiyo ni jirani na sisi. Kwa hivyo tunaongea kuhusu watu tunaokutana nao sokoni. (Hata soko letu moja linaitwa Brigadier, si ndio?)

Sasa, mlipuko unamfanya nini mtu? Wengi hufikiria mguu uliokatika kwa sababu huo unaonekana. Lakini kabla ya vyuma kufika, kuna msukumo mkali wa hewa. Huo hupiga zaidi viungo vyenye hewa ndani: masikio, mapafu, utumbo. Ubongo nao unatikisika ndani ya fuvu hata kama hakuna tone la damu. Halafu vinakuja vipande vya chuma, halafu mtu mwenyewe anarushwa kama gunia, halafu moto. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kusema "lala chini".

Madaktari wa jeshi wanaokoa maisha, hilo siwezi kubisha. Shida ni kwamba jeraha la mlipuko lina tabia ya kurudi. Kiwambo cha sikio kinaweza kupona na mtu bado akasikia mlio usiku kucha miaka mingi. Kipande cha chuma kilichoachwa kwa sababu kukitoa kungekuwa hatari zaidi kinaweza kusogea au kuleta usaha baadaye. Mfupa uliofungwa vizuri unaweza kuoza ndani kwa ndani. Mwenye kupigwa kichwani anaweza kuanza kifafa muda mrefu baada ya kila mtu kudhani amepona.

Na mguu wa bandia, jamani. Watu wanadhani ukishapewa umemaliza. Kigutu hupungua, hasa miezi ya mwanzo, kwa hivyo kile kikombe kinachokishika kinalegea, kinachubua, na kidonda kinaanza upya. Lazima kipimwe na kubadilishwa tena na tena, na mguu wenyewe huchakaa. Hapo fikiria mtu anayelima mahindi kwenye matope ya Aprili, si mtu anayekaa ofisini.

Kinachosumbua familia zaidi ni kile kisicho na kovu. Mtu anasahau alichotumwa, hapati usingizi, analipuka kwa hasira mlango ukibamizwa. Wazee watasema amerogwa, bibi yake atasema ni pombe. Inaweza kuwa mtikisiko wa ubongo, inaweza kuwa kiwewe cha vita, mara nyingi vyote pamoja. Na nani atajua kama hakuna anayempima?

Hapa ndipo siasa inaingia. Kwa Katiba ya 2010, ulinzi ni kazi ya serikali kuu, lakini hospitali zetu za hapa, kuanzia Naitiri hadi Bungoma mjini, ziko chini ya kaunti. Akiwa kazini, mwanajeshi anatibiwa na jeshi. Akishatoka, akirudi nyumbani, anapanga foleni na sisi, mbele ya daktari ambaye hajawahi kuona faili yake. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007 inawagusa wafanyakazi wa serikali lakini imewaacha wanajeshi nje, kwa sababu wana utaratibu wao. Sheria ya wanajeshi wastaafu ilipitishwa 2022. SHA nayo ikachukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Karatasi hazikosekani, ila hakuna hata moja kati ya hizo inayomfuata mtu hadi mlangoni kuuliza, "Lile sikio linaendeleaje?"

Wenzetu Uganda, walio Somalia tangu 2007, wana kituo Mubende cha wanajeshi waliolemaa, chenye matibabu na mafunzo ya kazi. Marekani, mwaka huohuo wa 2007, hospitali za wanajeshi wastaafu zilianza kumuuliza kila anayetoka Iraq na Afghanistan kama aliwahi kuwa karibu na mlipuko, hata kama hana jeraha. Swali hilo halihitaji mashine.

Kwa hivyo mgombea akisema "tutawajali", mwulize: faili itahama vipi kutoka jeshini hadi kaunti? Nani atalipia kikombe cha pili cha mguu, na cha tatu? Kliniki ya masikio na ya ubongo iko wapi, Kitale, Eldoret, au mpaka Nairobi, na nauli ni ya nani? Akikujibu kwa kutaja fidia, ujue hajalijibu swali.

Na kama kwenu yuko mmoja wao, mtafutieni barua aliyopewa akiruhusiwa kutoka hospitali pamoja na zile eksirei, muweke mahali pakavu. Akiandikiwa picha ya MRI, aseme kabla ya kuingia kwamba ana vyuma mwilini, hata kama ni kimoja kidogo. Ile mashine ni sumaku.