Wanaohesabu Nyangumi

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii aghalabu huambiwa wenye maduka. Lakini katika makala haya nia yangu ni kuwaonyesha wenzangu kwamba yawahusu hata wanyama wakubwa wa baharini, na watu ambao kila mwaka hukaa juu ya jabali karibu miezi sita wakiwahesabu, wala hawalipwi hata senti moja.

Nyangumi ninaowataja huitwa nyangumi wa kijivu, nao hukaa katika Bahari ya Pasifiki. Aliyekwisha kukua huwa na urefu wa mita 12 hadi 14, na uzito wake waweza kufika tani 30, yaani uzito wa ndovu dume watano au sita. Ngozi yake ina mabaka meupe, na juu yake wameganda viumbe vidogo vyenye magamba, kama vile wagandavyo chini ya jahazi lililokaa sana majini bila kupandishwa pwani. Nyangumi si samaki, ingawa wengi wetu twamdhania hivyo. Huvuta hewa kwa mapafu, huzaa, na humnyonyesha ndama wake. Basi ni kwa sababu ya kuvuta hewa ndipo mtu aliye nchi kavu aweza kumwona, maana hana budi kuja juu kila baada ya dakika chache.

Wakati wa kiangazi cha kaskazini nyangumi hawa hukaa katika bahari zilizo kati ya Alaska na Urusi. Huko hula mpaka wakanenepa. Hulala ubavu chini ya bahari, huvuta matope kinywani, kisha huyachuja na kubakiza vidudu vidogo vya jamii ya kamba. Barafu inapoanza kutanda, huondoka kuelekea kusini wakiambaa pwani ya Amerika ya Kaskazini, hata wafike katika hori za Baja California, nchini Mexico. Huko maji ni matulivu na yana uvuguvugu, na ndiko wengi wao huzalia, hasa mwezi wa Januari. Kisha hurudi kaskazini. Safari ya kwenda na kurudi ni kilometa 16,000 hadi 20,000, na muda wote huo hula kidogo sana, wakiishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini.

Sasa tuje kwa wahesabuji. Karibu na mji wa Los Angeles kuna rasi iitwayo Point Vicente, yenye jabali refu na mnara wa taa. Nyangumi wengi hupita karibu na hapo. Tangu mwaka 1984 watu wa kujitolea wa chama kiitwacho American Cetacean Society wamekuwa wakikaa juu ya jabali hilo kwa zamu, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwishoni mwa Mei, jua linapochomoza hata linapokuchwa. Wengine ni wazee waliostaafu kazi, wengine wangali vijana. Kabla ya kushika zamu mgeni hufundishwa kwanza na wenyeji wa kazi hiyo.

Huenda msomaji akauliza, "Kuna nini cha kufundishwa katika kuhesabu?" Jambo la kwanza ni kuona. Nyangumi akiwa mbali haonekani mwili. Huonekana pumzi yake tu, mvuke unaoruka juu mita tatu au nne, na upepo ukitulia huwa na umbo la moyo. Aghalabu hupumua mara tatu hadi tano, kisha huinua mkia na kuzama kwa dakika kadhaa. Nyuma yake hubaki duara la maji laini, kana kwamba mtu amemwaga mafuta. Mzoefu akiliona duara lile hujua nyangumi alipopita.

Jambo la pili ni kutomhesabu mmoja mara mbili. Mwenye darubini humfuata nyangumi yule yule tangu anapotokea upande mmoja mpaka anapotokomea upande wa pili, huku akimtajia mwenzake maneno ya kuandika: saa, idadi, umbali, aendako, na kama ana ndama. Mwezi wa Januari na Februari kazi huwa ngumu zaidi, maana wengine wangali wanashuka kusini na wengine wameanza kurudi. Mama wenye ndama huja mwisho kabisa, katika Aprili na Mei, nao hupita karibu sana na miamba.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wahesabuji huandika pia hali ya upepo, ukungu, na muda waliokaa wakitazama. Siku yenye anga safi ambayo hakupita nyangumi hata mmoja, huandika sifuri. Sifuri hiyo ina maana: tulitazama, hakuwapo. Lakini siku ya ukungu mzito hawawezi kusema hakuwapo, kwa kuwa hawakuweza kuona. Sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja.

Mimi nilijifunza tofauti hiyo kwa aibu. Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilipewa kazi ya kusoma kipimo cha mvua cha shule kila siku saa tatu asubuhi. Wakati wa masika nilipuuza siku nne mfululizo, kwa kuona uvivu wa kukanyaga matope. Siku ya tano nilikwenda, nikapima maji yote yaliyokuwamo, nikayagawanya kwa tano, nikaandika milimita zile zile katika kila siku. Mwalimu wa Jiografia alipolitazama daftari aliniuliza, "Jumatano hatukuweza hata kwenda bwaloni kwa mvua, na Alhamisi mliota jua uwanjani. Imekuwaje zikalingana?" Sikuwa na la kujibu. Akaniambia, "Ungaliacha wazi, ningalijua hukupima. Sasa umenifanya nisiamini hata zile siku ulizopima kweli." Maneno hayo yaliniuma kuliko adhabu ya kufyeka niliyopewa.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya watu wa Point Vicente. Si kwamba wao huwaona nyangumi wote. Wengine hupita usiku, na wengine hupita mbali mno. Thamani ya kazi yao ni kwamba mahali ni pale pale, miezi ni ile ile, na namna ya kuhesabu ni ile ile, kwa hiyo mwaka huu waweza kulinganishwa na mwaka uliopita. Wataalamu wa serikali ya Marekani nao huhesabu mahali pengine paitwapo Granite Canyon, kaskazini zaidi katika pwani hiyo hiyo, nao walianza mwaka 1967. Wao hufanya hesabu ya kukadiria waliopita usiku na wale ambao macho hayakuwaona, ndipo wakapata makisio ya nyangumi wote.

Je, hesabu hizo zimefaa nini? Katika karne ya 19 wawindaji waliwafuata nyangumi hawa mpaka ndani ya hori walikozalia. Nahodha mmoja Mmarekani, Charles Scammon, aliingia katika hori ya Ojo de Liebre mwaka 1857, na baada yake merikebu nyingi zilifuata. Waliua mama na ndama kwa ajili ya mafuta, hata nyangumi wakakaribia kwisha. Mataifa yalianza kuwalinda kwa mapatano ya mwaka 1937 na ya mwaka 1946. Idadi yao ikapanda polepole, na mwaka 1994 Marekani iliwaondoa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Mwaka 2016 walikisiwa kuwa kama 27,000.

Kisha mambo yakageuka. Tangu mwaka 2019 nyangumi wengi walianza kuokotwa pwani wakiwa wamekufa, na wengi wao walikuwa wamekonda sana. Mwaka 2023 makisio yalishuka hata kama 14,500, na mwaka 2025 yalikuwa karibu 13,000 tu. Wataalamu wanaona kwamba sababu kubwa ni upungufu wa chakula kule kaskazini, ambako bahari inazidi kupata joto na barafu inapungua. Safari hii si chusa iliyowapunguza hivyo. Kama pasingekuwa na daftari, nusu ya nyangumi wangalipotea, na watu wa pwani wangaliendelea kumwona mmoja mmoja akipita na kusema, "Mbona wapo?"

Wenzangu, hata pwani yetu ya Afrika Mashariki hupitiwa na nyangumi. Nyangumi wenye nundu hutoka katika bahari ya barafu ya kusini na kufika kwetu kati ya Julai na Oktoba ili kuzaa, na wavuvi huwaona. Si kila mmoja wetu ataweza kukaa pwani na darubini. Lakini kila shule ina kitu kinachostahili kuandikwa kila siku kwa uaminifu.

Hapa kwetu kitu hicho ni mvua. Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mtihani, na daftari litakuwa halina mwenyewe. Wanatakiwa wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili wasioogopa matope. Ukurasa wangu wa masika nimeupiga mstari mwekundu na kuandika chini yake, "Siku hizi hazikupimwa." Naomba wajao wasiufute.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne