Jua la Utosini Njoro

Saa sita mchana, ndani ya shamba la mahindi lililofunga majani huko Njoro, Nakuru, mwanga haugawiwi sawa. Majani ya juu yanaoga jua. Ya chini yanagombania madoa ya mwanga yanayohama kila upepo ukipita, na maharagwe yaliyopandwa kati ya mistari hubakiziwa makombo.

Mgawo huo hutegemea sana mlalo wa jani. Nakuru iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa juu mwaka mzima; hata Juni, linapoelemea kaskazini, huachana na utosi kwa nyuzi 24 hivi. Likiwa utosini kabisa, jani lililoinuka nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi hupokea nusu ya mwanga ambao lingepata likilala. Nusu nyingine huteremka kwa majirani wa chini.

Hiyo si hasara. Katika usanisinuru jani hutengeneza sukari kwa mwanga, maji na hewa ya kaboni dioksidi, lakini uwezo wake una kikomo. Jani la ngano au la haragwe hushiba kabla jua halijafikia ukali wake, na mwanga wa ziada hugeuka joto. Hindi huchelewa kushiba. Hata hivyo, mwanga ukitawanywa kwa majani mengi huzaa sukari zaidi kuliko ukirundikwa kwa machache. Ndiyo maana mbegu za kisasa za mahindi huko Marekani zina majani yaliyosimama, nazo hustahimili kupandwa kwa msongamano. Mkulima anayepanda kwa sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ana mimea 44,000 hivi kwa hekta. Akiisonga zaidi, umbo la jani linakuwa jambo zito.

Jani la kulala nalo lina kazi yake. Viazi vya eneo jirani la Molo hufunika udongo mapema, vikanyima magugu mwanga. Shamba likiwa bado changa, kila mwale unaoangukia udongo mtupu umepotea.

Ufundi mkubwa zaidi uko kwa haragwe. Kwenye kitako cha kila kijani chake, yaani kila kipande cha jani lake, kuna kifundo kidogo kilichovimba, kinachofanya kazi kama bawaba. Pembeni mwa shamba, pasipo na hindi la kukinga, jua la mchana likiwaka na udongo ukiwa mkavu, kifundo hukigeuza kijani hadi ukingo wake ulielekee jua. Alasiri, joto likipungua, hukilaza tena.