Fizi: Kushindanisha pilipili nyumbani bila kuvunja ujirani

Katika nyumba nyingi za Baraka na Fizi, jimboni Kivu Kusini, sahani ya bugali na ndagala haijakamilika kama pilipili haiko pembeni. Na karibu kila mama anaamini kwamba pilipili yake inapita ya jirani. Mabishano hayo huanzia sokoni na kuishia kwenye kicheko. Lakini yanaweza pia kuwa mashindano ya kweli ya nyumbani: mbabula nne au tano kwenye parseli moja, alasiri moja, majirani wote wakiwa mashahidi.

Jambo hilo limewahi kufanyika mbali sana na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1967, huko Terlingua, kijiji cha migodi kilichoachwa na wakaaji wake katika jimbo la Texas, Marekani, wanaume wawili walikutana kushindana kupika chili, yaani mchuzi mzito wa nyama na pilipili. Mmoja alikuwa H. Allen Smith, mwandishi wa vichekesho, aliyejigamba kwenye jarida kwamba hakuna anayeijua chili kumshinda. Mwingine alikuwa Wick Fowler, mwandishi wa habari wa Texas. Waamuzi walikuwa watatu. Kura moja ilienda kwa Smith, moja kwa Fowler. Mwamuzi wa tatu alitangaza kwamba ulimi wake umekufa ganzi, hawezi kuamua. Ikawa sare, na hadi leo watu hukusanyika Terlingua kila mwaka kuendeleza mashindano hayo.

Kisa hicho kina funzo kwa yeyote anayetaka kuwaalika jirani zake Baraka: mashindano ya pilipili huharibikia kwa waamuzi kabla ya kuharibikia jikoni.

Sharti la kwanza ni kila mpishi kupewa kitu kilekile: kipimo kimoja cha ndagala, kipimo kimoja cha mafuta ya mawese, nyanya na vitunguu vya idadi moja. Pilipili pekee ndiyo kila mmoja aje nayo na aitengeneze anavyojua, iwe ya kusaga mbichi, ya kukaanga au ya kukausha juani. Hapo mwenye pesa hamshindi asiye nazo kwa kununua samaki mkubwa. Ndagala pia hawamfungii mtu mlango. Mwislamu hula, Mkristo hula, na Msabato ambaye hagusi samaki asiye na magamba, kama kambale, naye hula. Katika miezi ambayo uvuvi umefungwa ziwani ili samaki wazaliane, ndagala wakavu au sombe vinatosha.

Sharti la pili ni sahani kutokuwa na jina. Mtu mmoja asiyepika wala kuamua abandike namba chini ya kila sahani na kuandika kwenye karatasi namba ipi ni ya nani. Mwamuzi akijua kwamba sahani hii ni ya mama mkwe wake, au ya mama anayemuuzia makala kwa deni, hataonja chakula tena, ataonja uhusiano. Waamuzi watatu wanafaa: mzee mmoja, kijana mmoja, na mtu kutoka mtaa mwingine.

Sharti la tatu ni la ulimi. Mwaka 1912, Wilbur Scoville, mtaalamu wa dawa nchini Marekani, alitaka kupima ukali wa pilipili. Hakuwa na mashine ya kumsaidia. Aliichanganya pilipili na maji ya sukari, akaendelea kuongeza maji hayo mpaka waonjaji wake wasisikie tena muwasho. Kipimo chake kinatumika hadi leo, na kina udhaifu uleule wa Terlingua: ulimi huchoka. Kwa hiyo sahani zionjwe kuanzia isiyo kali hadi iliyo kali zaidi, kidogo kidogo, na kupumzika katikati. Ukali uhesabiwe kama alama moja tu kati ya nne. Nyingine ni harufu, ladha, na jinsi mchuzi unavyokwenda na bugali. Vinginevyo atashinda aliyetia pilipili nyingi, wala si aliyepika vizuri.

Anayeungua asikimbilie maji. Kinachowasha ndani ya pilipili huyeyuka kwenye mafuta, hakiyeyuki kwenye maji, na maji hukisambaza tu mdomoni. Tonge la bugali husaidia. Kinachosaidia zaidi ni maziwa, kwa sababu protini yake hukishika kinachowasha na kukiondoa ulimini.

Hapo ndipo mchezo huu unapogusa jambo zito la Fizi. Maziwa hutoka kwa wafugaji, wengi wao wakiwa kwenye nyanda za juu, na samaki hutoka kwa wavuvi wa pwani ya ziwa. Kwa miaka mingi watu wa milima na watu wa ziwa wamekutana sokoni, huyu akihitaji cha yule. Vita, wizi wa ng'ombe, mashamba yaliyoharibiwa na vijiji vilivyochomwa vimeyakata mengi ya mahusiano hayo. Mashindano ya pilipili hayaleti amani, na hakuna anayepaswa kuyapa mzigo huo. Ila Mbembe, Mbuyu, Mfuliiru, Munyamulenge na mkimbizi wa Burundi wa kambi ya Lusenda wakiketi kwenye parseli moja, wote machozi yakiwatoka na kikombe cha maziwa kikizunguka, angalau watakuwa wamecheka kitu kimoja.

Usafi usifanyiwe mzaha. Baraka na Fizi ni kati ya maeneo ambako kolera hurudi mara kwa mara. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, maziwa yachemshwe, kila mgeni anawe kwa sabuni, na kila mwamuzi awe na kijiko chake. Aliyekata pilipili ajipake mafuta mikononi kabla ya kunawa kwa sabuni, na asiguse macho wala kumbeba mtoto kabla ya hapo. Kukaanga kufanywe nje, moshi ukielekea mbali na watu. Shughuli ianze mapema ili kila mgeni arudi kwake kabla ya giza.

Kuhusu zawadi, pesa huleta maneno. Iliyo bora ni mbegu. Pilipili ilitoka Amerika na kufika Afrika kwa meli za Wareno karne tano zilizopita, na tangu hapo imesambazwa na watu na ndege. Ndege hausikii ukali wake. Hula tunda na kuangusha mbegu nzima, ndiyo maana mti wa pilipili huota nyuma ya nyumba bila kupandwa na mtu.

Basi mshindi na agawe mbegu zake kwa kila aliyeshindwa. Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashia nini? Mwaka unaofuata, kila parseli itakuwa na mti wa pilipili ile, na mshindi wa jana atalazimika kutafuta ujuzi mpya.