Uraia na Makazi, Sehemu ya Nne: Mtoto Aliyekuja Mgongoni mwa Mamaye

Alhamisi, tarehe 18 Juni 2020, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba serikali ya Rais Trump haikufuata njia ya haki ilipotaka kuufuta mpango uliowekwa zama za Rais Obama wa kuwakinga na kufukuzwa vijana walioingizwa nchini humo utotoni bila ya hati. Na kwa kuwa habari hiyo ilitufikia hapa Kamina zikiwa zimesalia siku chache tu kabla ya kutimia miaka 60 ya uhuru wa Kongo, niliona ni vema niiahirishe ile mada ya uraia wa ndoa niliyowaahidi wasomaji, niitangulize hii ya mtoto aliyeletwa, ambayo kwa miaka mingi imenikaa moyoni kuliko zote.

Mpango wenyewe hauna mengi ya kueleza. Ulitangazwa tarehe 15 Juni 2012, nao ulimhusu aliyeingia Marekani kabla ya kutimiza miaka 16, akawa hajafikia miaka 31 siku ile ya kutangazwa, akawa amesoma au angali anasoma, na hana jinai kubwa. Huyo alipewa muhula wa miaka miwili wa kutofukuzwa pamoja na ruhusa ya kufanya kazi, kisha aliomba upya. Si uraia, wala si ukaazi wa kudumu, na Bunge lao, ambalo tangu mwaka 2001 limeletewa miswada ya kuwapa vijana hao zaidi ya hapo, hadi leo halijapitisha hata mmoja. Wala mahakama haikusema kwamba wana haki ya kubaki. Ilisema tu kwamba waliotaka kuufuta mpango hawakutoa sababu za kutosha, na hawakuwafikiria watu waliokwisha kuyajenga maisha yao juu yake. Kwa rai yangu hukumu iliyo nzito zaidi ni ile ya mwaka 1982, mahakama hiyo hiyo ilipolizuia jimbo la Texas kuwanyima watoto wasio na hati elimu ya shule za serikali, kwa hoja kwamba mtoto hakuchagua kuvuka mpaka, na si insafu kumwadhibu kwa tendo la mzazi wake. Hoja hiyo ndiyo ninayoishika, nami nataka kuipima hapa kwetu, penye reli.

Wasomaji waliofuatana nasi tangu makala ya kwanza wanakumbuka jinsi sheria zetu zilivyoihamisha mara kwa mara ile tarehe ya kumtambulisha Mkongomani: Katiba ya Luluabourg ya 1964 ikataka awe na mzee wake aliyekuwa wa kabila lililokuwapo nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908, sheria ya 1981 ikairudisha nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885, na sheria ya tarehe 12 Novemba 2004, tuliyo nayo sasa, ikaisogeza mbele hadi siku ya uhuru. Katikati yao ipo ile ya tarehe 5 Januari 1972, iliyowapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi wakaweka maskani Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950, na ambayo ya 1981 ilikuja kuitangua. Hayo nilikwisha kuyaeleza. Jambo nisilolieleza, na ambalo nimestaajabu miaka yote kwamba wataalamu wetu hawalitaji, ni kuwa sheria ile ya 1972 iliitaja Kivu peke yake, ilhali watu wa Ruanda-Urundi waliletwa pia Katanga, na walioletwa Katanga hawakupewa hata nusu mstari.

Waliletwa na nani? Na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, kwa miaka yake ya mwanzo iliwachimbisha watu wa mikataba mifupi ya miezi, wengi wao wakiwa wametoka Rhodesia ya Kaskazini, nao walikuja bila ya wake, wakafa kwa wingi kwa homa ya mapafu na kuhara, na waliosalimika wakarudi makwao. Gharama ya kuwatafuta wengine kila mwaka ikawa kubwa. Na hapo katikati ya miaka ya 1920 kampuni ikageuza mwendo, ikaenda kuajiri Lomami na Kasai, na Ruanda-Urundi vilevile, ikaandika mikataba ya miaka mitatu, na ikamtaka mfanyakazi aje na mkewe na wanawe. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuja kuiongoza idara ya wafanyakazi weusi wa kampuni hiyo, hakuficha maana ya jambo hilo: mtoto anayezaliwa au kulelewa kambini, akinyweshwa maziwa ya kampuni, akipimwa uzito na masista, akifundishwa katika shule ya mapadri, atakuwa mfanyakazi bora kuliko babaye, na hatakumbuka kijiji cha kurudi. Basi mtoto huyo hakuja kwa bahati, wala hakufuatana tu na mzigo wa mzazi wake. Aliletwa kwa hesabu, na ndiye hasa aliyekuwa akitafutwa.

Na njia aliyopita wa Kasai ilikuwa hii yetu. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910 na Bukama mwaka 1918, ikasimama kwenye mto kwa miaka kadhaa. Kisha shirika la reli la BCK likaichukua kutoka Bukama, likaipitisha Kamina, ikaendelea kupitia Mwene-Ditu na Luluabourg hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, mwendo wa kilomita zipatazo 1,100, na mwaka 1928 Mfalme Albert wa Ubelgiji mwenyewe akaja kuifungua. Mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo lilipokamilika, Kamina ikawa njia panda ya kweli, kwani sasa mtu aliweza kupanda behewa Albertville, kwenye ziwa la Tanganyika, akashuka hapa pasipo kugusa mashua. Mji huu, kabla ya kuwa makao ya jimbo la Haut-Lomami, ulikuwa mji wa stesheni na karakana, na mwenye kutaka kujua asili na fasili ya watu wa mitaa yake ya kale asiulize ramani ya makabila, aulize daftari za malipo ya reli: atawakuta Waluba wa Kasongo Nyembo na Wakanyoka, Waluba wa Kasai na Wasonge, na mafundi waliotoka mbali zaidi ya hapo. Zama hizo za ukoloni mtu hakuweza kuondoka katika himaya ya chifu wake zaidi ya siku 30 bila ya pasi ya kuhama, na watoto waliandikwa katika kitabu cha baba. Mtoto hakuwa na karatasi yake mwenyewe. Alikuwa mstari katika karatasi ya mtu mwingine, na karatasi hiyo ilipopotea, naye kwa macho ya serikali akapotea.

Nimeyarefusha hayo kwa makusudi, kwa maana watu husema kwamba mgeni alikuja mwenyewe, na kwa hiyo anayo njia ya kurudi mwenyewe. Katika nchi hii aghalabu mgeni aliitwa. Na wahenga waliosema mgeni apewe jembe siku ya tatu hawakusema kwamba akishalima miaka arobaini aulizwe kijiji cha babu yake.

Aliulizwa, hata hivyo, na aliyeulizwa hakuwa mgeni hata kidogo. Mwaka 1992 na 1993, katika ile fitina ya kisiasa iliyoikumba Katanga, wenye asili ya Kasai, mamia ya maelfu, waliambiwa warudi kwao. Walifukuzwa katika nyumba zao, wakakaa majuma na miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakilala chini, wakisubiri behewa. Treni hizo zilipita hapa. Niliwaona watoto wakishuka kuchota maji, wenye umri wa miaka sita, minane, kumi, kila mmoja na sufuria au kibuyu, wakiitana kwa Kiswahili kile kile cha kwetu, kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kuitana. Kiluba cha Kasai walikisikia kwa bibi zao tu. Msichana mmoja aliniuliza kama Mwene-Ditu kuna shule, na kama huko mwalimu husema Kiswahili. Wote hao walikuwa Wakongomani kwa kila tarehe ya sheria, ile ya 1908, ile ya 1885 na ile ya 1960. Sheria haikuwafaa kitu, kwani aliyewahukumu hakutazama sheria, alitazama nasaba. Na ndiyo maana nasisitiza kwamba maradhi yetu hayako katika vifungu peke yake.

Nasi pia tumepeleka wana wetu ugenini. Askari wa Katanga waliovuka kwenda Angola baada ya kuanguka kwa dola ya Tshombe mwaka 1963, na wengine waliowafuata mwaka 1967, walilea watoto huko. Na maelfu waliokimbia vita vya Shaba (ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati huo) vya 1977 na 1978 waliwachukua wadogo zao katika njia hiyo hiyo. Wengine walirudi mwaka 1997 wakiwa watu wazima, wakisema Kireno vizuri kuliko Kifaransa, na hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba si wa hapa, kwa kuwa walirudi na bunduki. Kinyume chake, mwezi Oktoba 2018, Angola ilipowatoa Wakongomani kwa mamia ya maelfu katika machimbo ya almasi ya Lunda Norte, tuliona watoto wakivushwa mpaka kuingia Kasai, wakiambiwa wamefika nyumbani, mahali ambapo hawajapata kupaona. Lau tungeyaweka matukio haya pamoja mbele ya macho yetu, tungeona kwamba kila jirani anamfanyia mtoto wa mwenziwe lile lile analolilaani akifanyiwa wa kwake.

Sasa niingie katika sheria yenyewe, japokuwa nafasi niliyopewa imekwisha kupungua. Sheria ya 2004 inamkumbuka mtoto aliyezaliwa Kongo kwa wazazi wageni: akitimiza miaka 18, na awe anaishi nchini kwa kudumu, anaweza kuutaka uraia kwa maandishi. Hilo ni jema. Lakini aliyeletwa akiwa na umri wa mwaka mmoja, aliyejifunza kutembea hapa, hana mlango wake mwenyewe; anaingia katika mlango wa tajnisi pamoja na mfanyabiashara aliyeshuka juzi: awe mtu mzima, amekaa kwa kudumu miaka 7, anajua mojawapo ya lugha zetu, ana mwenendo mwema, kisha faili lake lipande hadi Kinshasa, mbele ya Baraza la Mawaziri na Bunge la Taifa. Na kwa kuwa uraia wa Kongo ni mmoja, hauchangamani na mwingine, anatakiwa kuukana uraia wa nchi ambayo pengine haimjui wala haijamwandika popote. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiwa amezaliwa upande wa pili wa mpaka wa Dilolo na mwingine upande huu, wanalala kitanda kimoja, wanakaa dawati moja, nao sheria imewatenga kwa tofauti ya miezi kumi na minane.

Namjua kijana wa namna hiyo hapa mjini. Alikuja kutoka Angola mgongoni mwa mamaye. Alipewa hadhi ya mkimbizi, na hadhi hiyo ikakoma kwa Waangola wote tarehe 30 Juni 2012. Amefaulu mtihani wa Serikali, na hutengeneza pikipiki kando ya soko kwa mikono safi ya fundi aliyefunzwa. Ulipofika wakati wa kuandikisha wapiga kura, alikwenda kupanga foleni na wenziwe aliosoma nao, kwa kuwa kadi ya mchaguzi kwetu ndiyo kitambulisho, na bila ya kadi huwezi kufungua akaunti, wala kununua laini ya simu kwa jina lako, wala kupita kizuizi cha barabarani pasipo kutoa kitu. Karani akamwuliza kijiji, akamwuliza groupement, akamwuliza territoire ya babaye. Hakumwuliza amesoma wapi. Alirudi gereji, na hadi leo husafiri kwa cheti cha shule kilichokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Jirani zetu wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tanzania, kuanzia mwaka 2010, ikakamilisha kuanzia 2014, iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mauaji ya 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wala haikumtenga aliyezaliwa njiani na aliyezaliwa kambini. Kenya mwaka 2016 iliwatambua Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, baada ya wao kutembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kwenda kudai. Na ni aibu kwamba ilibidi watembee.

Ninachokiomba kwa wabunge wetu ni kifungu kimoja: aliyeingia Kongo kabla ya kutimiza miaka 10, akasoma hapa walau miaka 6 kwa ushahidi wa daftari za shule, ahesabiwe sawasawa na aliyezaliwa hapa, aandike ombi lake akifika miaka 18, na ombi hilo limalizike jimboni pasipo kusafiri kwenda Kinshasa. Atakayesema kwamba kifungu hicho kitawavuta wageni na aniambie ni mama gani aliyembeba mwanawe akavuka vita kwa ajili ya kifungu cha sheria. Na atakayesema kwamba daftari za shule zinaweza kughushiwa anasema kweli, kama zinavyoghushiwa vyeti vya kuzaliwa vya wenyeji. Dawa yake ni kuwaadhibu wanaoghushi, si kuwanyima wanaosema kweli.

Makala ijayo, inshallah, nitaeleza namna hukumu ya mahakama inavyoweza kushika mahali pa cheti cha kuzaliwa ambacho mzazi hakukichukua kwa wakati, na karatasi ambazo mwombaji hana budi kuzipeleka.