Joto la Mjini Linaanzia Kwenye Ramani

Pita Posta, Dar es Salaam, saa tisa alasiri mwezi wa Februari, uyatazame maghorofa mapya. Mengi yamevishwa vioo toka chini hadi juu, hata upande wa machweo ambako jua la jioni halina huruma, na viyoyozi vyake vinatema joto juu ya vichwa vya wapita njia. Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa mawe ya matumbawe na chokaa hawakuwa na umeme, lakini kuta zao nene zinatunza ubaridi mpaka leo. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa mwaka 1897, ilizungushiwa varanda ili jua lisifike ukutani. Ujuzi tulikuwa nao. Tuliyemkosa ni wa kuudai, na kwa maoni yangu anayepaswa kuudai ni serikali.

Sababu iko kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Anayejenga nyumba ya kupangisha halipi umeme wa kuipoza; analipa mpangaji. Mwenye jengo akibana matumizi kwa kuondoa vivuli vya madirisha, nafuu ni yake leo, na gharama ni ya wapangaji kwa miaka yote jengo litakayosimama. Soko haliwezi kuwapatanisha watu hawa wawili, kwa sababu jengo linapochorwa mpangaji hayupo mezani. Anayekuwepo ni ofisa wa halmashauri mwenye mhuri wa kupitisha ramani.

Rwanda imeutumia mhuri huo. Mwaka 2019 iliweka masharti ya chini ya ujenzi wa kijani kwa majengo makubwa, yakiwemo ya biashara na ya umma. Mchoraji anapimwa kwa alama: ukubwa wa vioo ukilinganishwa na ukuta, vivuli vya madirisha, upitishaji wa hewa, uvunaji wa maji ya mvua, mabomba yasiyopoteza maji. Naupenda utaratibu huu kwa sababu unamkuta mwenye jengo kabla hajamwaga zege. Kusogeza dirisha kwenye karatasi ni kazi ya kalamu. Kulisogeza ukutani ni nyundo na pesa.

Kenya ilijaribu njia iliyo ngumu zaidi. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapate asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa jua. Majengo yaliyokwisha kusimama nayo yalihusishwa, yakapewa miaka mitano kujirekebisha. Wenye nyumba walilalamikia gharama, na mwaka 2018 utekelezaji ulisitishwa. Inasikitisha, maana wazo lenyewe halikuwa baya: Israel ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1980, na leo nyumba nyingi mno nchini humo zina tangi la maji ya jua juu ya paa. Kinachonisumbua katika habari ya Kenya ni mafundi waliojifunza kazi ile na wafanyabiashara walioagiza mitambo. Serikali ikigeuka katikati ya safari, mara ya pili watu hawaiamini.

Lakini kibali cha ujenzi kina mpaka wake. Uswahilini, Manzese au Vingunguti, nyumba nyingi zimejengwa bila ramani kupitishwa na yeyote, na hakuna mhuri utakaozifikia. Huko serikali inapaswa kuja na fundi na tofali. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefundisha kwa miaka mingi matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, yanagandamizwa kwa mashine, hayachomwi kwa kuni, na hayahitaji saruji nyingi ya kuungia. Teknolojia ipo, na inastahili kufika kwenye kila kata inayojengwa kwa kasi, pamoja na mashine za kuazima kwa vikundi vya vijana.

Tena serikali yenyewe ni mjenzi. Mwaka 2021 Tanzania ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 15,000 kwa mkupuo: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Fikiria nguvu iliyomo kwenye mchoro mmoja unaorudiwa mara nyingi kiasi hicho. Ukiongeza upana wa upenu, ukageuza madirisha yatazame kaskazini na kusini, ukaweka mifereji inayopeleka maji ya bati kwenye tangi, umewagusa watoto wa nchi nzima bila kumtoza mtu faini. Ningependa michoro ya madarasa na zahanati zijazo ianzie hapo, kabla hatujawadai watu binafsi kitu chochote.

Kwa halmashauri naomba masharti mawili tu kwenye kibali cha kila ghorofa jipya: kivuli kwenye madirisha yote yanayotazama machweo, na tangi la kuvuna maji ya mvua. Sheria ndogo ya namna hiyo haihitaji mkopo wala mfadhili. Inahitaji baraza la madiwani likae, liipitishe, kisha liisimamie mwaka hadi mwaka bila kurudi nyuma.